Mkono wa Kulia wa Mwalimu Shigematsu

Misao alianza aikido, mieleka ya Kijapani ya kutupana, akiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao watu wa Gotsu, mji wetu mdogo wa Japani, huanza kulalamikia magoti. Tanuri la vigae alikofanya kazi lilikuwa limepunguza wafanyakazi nusu, mumewe alikuwa ameshaondoka, na jioni zilikuwa zinamkaba roho. Siku moja akapita kwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya posta, akaona watu wazima sita wakitupwa chini, wakiinuka, wakicheka. Akavua viatu mlangoni, akaingia. Hakuwa na haja ya kumpiga mtu. Alitaka tu mahali pa kuanguka na kuinuka.

Mwalimu Shigematsu alimfundisha miaka kumi na miwili, kwa ukali usio na likizo.

"Shika mkono kama unataka kwenda nao nyumbani," alikuwa akimwambia. "Huo si mkono wa mkweo."

Kisha Mwalimu akapata kiharusi. Aliporudi baada ya miezi mitano, mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu hata ya kukamua kitambaa. Siku hiyo ya kwanza alimnyoshea Misao mkono huohuo. Misao akaushika, akasikia ulivyokuwa mwepesi, na kabla hajafikiri vizuri alikuwa ameshajirusha chini. Ilikuwa huruma tu. Wenzake watano wakaona, wakaelewa, na kila aliyeitwa akaanguka vilevile. Sisi mambo ya namna hiyo hatuyasemi, tunainama, tunaendelea.

Ubaya ni kwamba Mwalimu aliamini. Na angeachaje kuamini? Maisha yake yote aliambiwa kwamba aikido ya kweli huja nguvu zikishaisha, kwamba mzee akiishiwa misuli ndipo anapoweza kumtupa mtu bila kutumia chochote. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka arobaini, na sasa akaiona imefika. Akaanza kufundisha mtupo wake mpya. Akajaza madaftari matatu kwa mkono wa kushoto. Akawaandikia barua wenzake wa zamani, mkoa mzima. Kwa miaka miwili wao walianguka, naye akawa na furaha ambayo mkewe, Mama Fumie, alisema hajaiona tangu waoane.

Mwezi wa Mei likakaribia onyesho la vyama vyote vya mkoa. Kwa desturi kila mwalimu hutoka na mwanafunzi wake, na kumtupa mbele ya watu. Mwalimu Shigematsu akatangaza kwamba mwaka huu hachukui mtu wa nyumbani.

"Namtaka Yuasa wa Hamada," akasema. "Nisije nikaambiwa nabebwa."

Yuasa alikuwa askari wa zimamoto wa mji wa jirani, kilo mia na tano, mtu mnyoofu ambaye haanguki mpaka aangushwe. Misao alikosa usingizi siku nne. Ya tano, asubuhi ya mkesha wa onyesho, yeye na Mwalimu walikuwa wawili tu wakifagia mikeka. Akapiga magoti.

"Mwalimu, usimchukue Yuasa."

"Unamwonea huruma? Lile jitu? Nitamlaza polepole."

"Hataanguka."

"Kwa nini asianguke? Nyinyi mnaanguka."

"Sisi tunajiangusha, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeanza."

Mzee akauegemeza ufagio ukutani, taratibu. Akanyosha mkono.

"Shika."

Misao akashika kwelikweli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Mwalimu akageuka, akashusha kiuno, akavuta. Misao hakutikisika. Mzee akajaribu tena. Mara ya tatu aliyepepesuka ni yeye mwenyewe, na Misao akamdaka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyorudi."

Mzee akakaa kwenye mkeka, akaupakata ule mkono. "Kuna watu wanatoka Masuda kwa treni," akasema. "Wanakuja kujifunza kitu ambacho hakipo."

Misao alilia. Mzee alimwacha alie mpaka amalize.

"Kesho utatoka na mimi, wewe," akasema. "Shika hivyohivyo. Usianguke."

"Mbele ya watu wote?"

"Si ndio niliowaandikia barua? Nimewadanganya, waone kwa macho yao. Nikishamaliza nitawainamia, niende nyumbani nikiwa bado mtu. Niahidi."

"Naahidi, Mwalimu."

Na aliahidi kwa moyo mmoja, tusimsingizie.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mama Fumie alikaa mstari wa mbele, kavaa kimono yake ya harusi za watu, na dada yake pembeni. Mwalimu akatoka katikati, akanyosha mkono wa kulia. Misao akaushika kwa nguvu zake zote. Mzee akageuka, akavuta, na Misao akabaki amesimama. Uso wa Mwalimu ulikuwa umetulia kabisa. Ila Misao alimwona Mama Fumie akishusha simu aliyokuwa anapigia picha, mdomo wazi, na moyo ukamshinda. Akaruka juu, akaanguka anguko ambalo hajapata kuanguka maishani mwake. Makofi yakapasua ukumbi. Wazee wawili wa Matsue walifuta machozi.

Kwenye varanda ya nyuma Mwalimu alimngoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Misao kuliko tusi.

"Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwomba ukweli," akasema. "Utafundisha wewe. Mimi sirudi."

Hakurudi. Misao alikwenda kwake mara tatu, na mara zote Mama Fumie alisema mzee amepumzika, huku akimshukuru, akiinama mpaka chini, kwa siku ile nzuri ya Mei.

Sasa ukumbi una watu kumi na wanane, idadi ambayo hata Shigematsu hakuwahi kuipata: makarani, muuza samaki, wajane wawili, wote wamevuka arobaini. Wamekuja kwa sababu ya onyesho lile, wanautaka mtupo usiotumia nguvu, na Misao, mwanafunzi aliyekuwa karibu zaidi na mzee, hakosi kuwa anao.

"Nisipowaangusha, msianguke," huwaambia kila anapoanza, mara mbili, mara tatu. "Nawaomba."

"Ndiyo, Mwalimu," wanajibu kwa heshima, wanainama.

Kisha ananyosha mkono, nao wanaanguka, mmoja baada ya mwingine.