Mabati Chini ya Kitanda

Mdomo wa Rénovat ndio uliomponza. Makazi yote ya wakimbizi ya Mishamo hakukuwa na mtu mwenye maneno kama yeye, na mwaka ule jirani yake Méthode alipoezeka nyumba kwa bati, Rénovat alimsubiri nje ya kanisa, watu wakitoka ibada, akampa mkono akasema kwa sauti: "Hongera, ndugu yangu. Sisi wengine bado tuna kwetu."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Wote walikuwa wamekimbia Burundi mwaka sabini na mbili, au wamezaliwa na waliokimbia, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Nyasi ni za mtu anayesubiri kurudi nyumbani. Bati ni la aliyekata tamaa. (Kanisa lenyewe lilikuwa la bati, lakini hilo siku ile hakuna aliyeliona.) Méthode alitabasamu tu, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Kuanzia hapo Rénovat akawa mtu. Wazee walimwita kwenye mtungi: "Njoo, wewe usiyesahau." Aliyekuwa anajenga kwa bati alipita njia ya nyuma asikutane naye. Sifa hizo zilimlevya kuliko pombe yenyewe.

Sasa, nyasi hazijui sifa. Paa lake lilikuwa limeoza, nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zimebaki mbali huko porini, na mvua ikinyesha nyumba ilivuja kama chujio. Aliyeumia zaidi ni mama yake, bibi Vestina. Alilala na sufuria miguuni na beseni kichwani, na akigeuka tu, ameloa. Kikohozi kikamwingia.

Rénovat hakuwa jiwe, jamani. Tumbaku ilipolipa alikwenda Mpanda mjini akanunua mabati ya kutosha nyumba nzima. Akayaleta yamefunikwa magunia ya pumba, akayasukuma chini ya kitanda cha mama yake wakati bibi yuko shambani, akatupia mkeka juu.

"Unaezeka lini?" mkewe Générose akamuuliza.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, baba Emelyne?"

"Watu watasemaje?"

Générose akasonya, akaenda kumwaga sufuria iliyojaa.

Mvua za msimu ule zikaisha, zikaja nyingine. Kila mama alipokohoa Rénovat alijiapiza kwamba kesho atapanda juu na nyundo. Kesho ikifika, mtu anamsalimia njiani kwa heshima, naye anaahirisha. Aliona haya kuyatoa, na aliona haya kuyaficha, basi akabaki hapo katikati huku mama anaisha.

Jumapili moja bibi Vestina alishindwa kuinuka. Pumzi ilikuwa inakoroma kifuani. Méthode aliposikia, hakungoja kuitwa. Alikuja na wanaume watatu.

"Tumpeleke zahanati. Tumbebe na kitanda chake hiki hiki."

"Hapana!" Rénovat aliruka. "Nitambeba mgongoni mwenyewe."

"Mgongoni, na hapumui? Wewe vipi? Haya, nyanyueni."

Wakanyanyua. Mguu wa kitanda ukanasa mkeka, mkeka ukaburutwa, na mabati yakabaki wazi pale chini, mapya, hayajaguswa na msumari.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Rénovat alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bibi Vestina aligeuza shingo polepole, akatazama chini, kisha akatazama juu, pale tone la mvua ya usiku lilipokuwa likijikusanya.

"Ya nani hayo?"

"Yetu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nalala juu yake," akasema, akafumba macho.

Walipofika mlangoni mvua ikashuka. Méthode akamgeukia Rénovat, na usoni mwake hakukuwa na dharau, jambo lililomchoma Rénovat zaidi.

"Toa moja. Mfunike mama yako."

Basi ndivyo walivyokwenda, wanaume wanne wamebeba kitanda, Rénovat ameshika bati upande wa kichwani, Générose upande wa miguuni, barabara kuu ya Mishamo mchana kweupe. Nje ya kanisa watu walikuwa wamejibanza kukwepa mvua. Walikuwepo wazee wa mtungi, walikuwepo wote waliocheka siku ile. Rénovat alilia, na hakuweza hata kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu.

Mvua ilipiga bati kwa kelele, ikambidi bibi Vestina apaze sauti, na kila aliyesimama pale akamsikia.

"Rénovat, mwanangu! Kumbe halivuji."