Lango Ndani ya Amplifaya

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, katika majira ya mvua, mwalimu mmoja wa gitaa aliifunga amplifaya yake ya mazoezi ndani ya taulo, akaipeleka kwa mjomba wake, fundi wa redio, aliyefanyia kazi barazani kwake. Malalamiko yake yalikuwa kwamba noti hazidumu. Alipopiga uzi, sauti ilitoka vizuri, kisha ikakatika kabla ya kufifia, mithili ya mtu aliyezibwa mdomo katikati ya sentensi. Alikwisha badilisha nyuzi zote na waya wa gitaa, asipate nafuu.

"Na mvumo wa umeme?" fundi akauliza.

"Haupo kabisa, Mjomba. Kile kitufe cha kuuzuia nilikizungusha mpaka mwisho."

"Ndiyo maana. Umemfungia nje mwizi pamoja na wageni wako."

Fundi alimweleza kwamba ndani ya kasha lile mna lango. Sauti iliyo dhaifu kuliko kiwango kilichowekwa, lango huizuia isitoke. Mvumo ni dhaifu, lakini mkia wa noti nao ni dhaifu, na lango halikusomeshwa kutofautisha.

Mwalimu alikubali. Akaongeza, kama atajaye bei ya sukari, kwamba nyumbani lango hilo lilizuia na mengine. Amplifaya ikiwa imewashwa, mvua kubwa ilisikika batini kama kawaida, ila manyunyu yalianguka kimya. Bomba la jikoni lilidondoka kimya. Mama yake pia alikuwa hasikiki. Fundi alitikisa kichwa. Amplifaya ndogo za siku hizi, alisema, lango lao halitulii ndani ya kasha.

Mama huyo, dada mkubwa wa fundi, alilelewa kuamini kwamba apazaye sauti amekwisha shindwa. Hakupata kuipaza hata katika msiba wa mumewe. Jambo alilisema mara moja, kwa upole, na aliyelikosa amelikosa. Midomo yake ilipocheza pasipo sauti, mwanawe alidhani anasali, akaendelea na masomo.

Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akakisafisha kitufe kwa spiriti, kisha akakirudisha chini kabisa. Sauti zilizozuiwa zikaanza kutoka, kwa utaratibu uleule zilioingilia. Ulitangulia mvumo. Ikafuata mikia ya noti za wanafunzi wa miezi mingi, iliyo mingi ikiwa imekosewa, na fundi akaivumilia huku akinywa chai. Yakapita manyunyu. Yakapita matone ya bomba. Ndipo ikatoka sauti ya mama.

Iliomba maji ya kunywa. Iliomba dirisha lifungwe, kwa kuwa kifua kilikuwa kikimbana. Iliuliza kama mwanawe amekula. Kisha ikanyamaza kidogo, kama inayosubiri swali limalizike, ikasema:

"Hapana, mwanangu. Sitaki kuhamia stoo. Humu ndimo nilimokuzalia, na humu ndimo alimofia baba yako. Niache humu."

Fundi aliiweka bisibisi mezani. Mwanzoni mwa mwaka, mwalimu alimwuliza mama yake swali hilo mbele ya amplifaya iliyowashwa, akangoja jibu kwa adabu, na kimya kilichofuata akakihesabu kuwa ridhaa. Chumba cha mama kikawa darasa la gitaa. Kitanda walikibeba wao wawili, fundi akishika upande wa miguuni.

"Umesikia," fundi akasema.

"Nimesikia, Mjomba."

"Sasa je?"

Mwalimu aliitazama mvua. Alisema kwamba wanafunzi wamekwisha pazoea pale, na kuta zimekwisha gongwa misumari ya kuning'inizia magitaa. Fundi alikuwa na neno la kumjibu, lakini mshika miguu ya kitanda hana mdomo. Akarudi kwenye kazi aliyoletewa.

Lango likiwa chini kabisa, noti zilidumu mpaka mwisho wake, ila mvumo ulijaa baraza nzima, na wazazi wa wanafunzi walikwisha ulalamikia. Fundi alikitafutia kitufe mahali pa katikati. Hapo noti zilidumu kiasi, mvumo ukanyamaza, na manyunyu juu ya bati yakasikika waziwazi.

"Na Mama?" mwalimu akauliza.

Fundi alisikiliza. "Dada yangu yuko chini kidogo ya manyunyu."

"Basi paache hapo hapo."

Jioni ile mwalimu aliwasha amplifaya darasani, akairidhia, kisha akamwendea mama yake stoo. Alikusudia kulipa yote aliyokuwa akidaiwa. Alimwambia kwamba amekula. Dirisha hakuweza kulifunga, kwa sababu stoo haikuwa na dirisha. Akampa bilauri iliyojaa.

"Maji uliyoniomba, Mama."

Mama hakuwa na kiu. Hata hivyo aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote, kwani deni lililorudishwa halikataliwi. Kisha midomo yake ikacheza kwa kitambo kirefu kuliko shukrani inavyohitaji. Mwanawe alisimama akingoja kwa adabu mpaka ikatulia.

"Haya, Mama," akasema, akaichukua bilauri tupu.