Sura Iliyonyofolewa

Nyumbani kwao kaka zake walimwita Dodoso, kwa sababu tangu utotoni hakuuliza swali moja akatosheka. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza imeanzia wapi na nani kaiona. Mama yake alizoea kusema, "Wenzako wakienda sokoni wanauliza bei, wewe unauliza sababu." Akakua na jina hilo, akasoma sheria, akawa mhadhiri wa chuo kikuu, na wanafunzi wake walipolisikia wakalidaka. Hakuchukia. Mtu anayekula kwa kuuliza maswali atabisha nini?

Hasira zake alizitunzia mambo mengine, na mwaka ule yalimjia.

Profesa, mkuu wa idara aliyemfundisha tangu hajui kushika kitabu cha sheria, alipata kazi kubwa: utafiti kuhusu wasichana wanaoacha shule katikati. Ofisi ya elimu ndiyo iliyouagiza. Dodoso akapewa sehemu ya kwenda kuzungumza na wasichana wenyewe na wazazi wao. Akazunguka na kinasa sauti chake, akakalishwa kwenye makochi yaliyobonyea na kwenye vigoda vya jikoni, na karibu kila alikokaa alikutana na neno lilelile: kukaguliwa.

Kukaguliwa kwenyewe kulikuwa hivi. Shule ikifunguliwa, wasichana wa bweni hupangwa mstari nje ya stoo ya bwalo. Ndani mna benchi, magunia, na matroni. Msichana analala chali, anapandisha blauzi, matroni anamminya tumbo kwa vidole. Akiridhika anasema, "Toka, mwingine." Asiporidhika, msichana anaambiwa akafungashe. Hakuna daktari wala kipimo, wala anayeuliza kama mwenye tumbo amekubali. Dodoso alipekua sheria na kanuni za elimu tangu jalada hadi jalada, asione hata mstari unaoruhusu jambo hilo. Lilikuwepo tu, kama utandu wa buibui pembeni mwa dari: kila mtu anauona, hakuna anayenyanyua fagio.

Katika wote aliozungumza nao, mmoja alimkaa rohoni. Alikuwa binti wa fundi cherehani. Kwao walimwita Kasuku kwa wingi wa maneno, ila siku Dodoso alipofika, Kasuku alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ya mama yake, akizungusha kibobini kitupu cha uzi, na maneno yakimtoka kwa kuvutwa.

"Aliminya, halafu akaminya tena," alisema. "Akaniambia, 'Humu mna mtu.' Nikamwambia hamna. Akasema, 'Wote husema hivyo.'"

Asubuhi hiyohiyo mkuu wa shule alimsimamisha mstarini, akamfukuza shule nzima ikitazama.

"Na mimi nikaamini, mwanangu," mama yake akadakia, mkasi mkononi. "Shule imesema! Mimi nani nibishane na shule? Nilimchapa kwa mwiko hadi mwiko ukakatika. Shangazi zake wakaja, wakamweka kati. Taja! Mtaje huyo bwana!"

"Sikuwa na wa kumtaja," Kasuku akasema. "Ikafika mahali nikataka nimtaje mtu yeyote, hata mwalimu wa hesabu, mradi wanyamaze."

Hakumtaja mtu. Siku moja alianguka akichota maji, amejikunja kwa maumivu, akapelekwa hospitali. Hakukuwa na mimba. Kulikuwa na uvimbe kwenye kifuko kimoja cha mayai, umekua hadi ukajisokota, na walipomfungua ilibidi uvimbe utolewe pamoja na kifuko chenyewe. Daktari aliuliza kwa ukali kwa nini mtoto mwenye tumbo linalovimba kaletwa akiwa hoi. Mama alipokwenda shuleni kueleza, mkuu wa shule hakumpa hata kiti. "Nafasi yake imeshajazwa, mama," alisema. "Isitoshe, msichana akishatangazwa, hata kama si kweli, wenzake watamtazamaje?"

Dodoso alirudi ofisini, akafunga mlango, akaisikiliza sauti ile tena na tena huku akiandika. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sura ya nne ya ripoti. Hakuweka jina la msichana wala la shule, kama alivyoahidi, bali aliweka kila kitu kingine: benchi, vidole, tangazo la mstarini, kisu cha daktari. Profesa aliisoma akaondoa miwani. "Hii sura ina sura ya mtu," alisema, na Dodoso alitoka pale akijiona kapewa shahada nyingine.

Kisha kukaja kikao cha kuipitia ripoti. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali, chupa za maji zimepangwa, na projekta ikimulika ukutani. Mkurugenzi kutoka ofisi ya elimu, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliifungua sura ya nne kwa ncha za vidole, kama anayeshika samaki aliyeoza.

"Kazi nzuri," alisema. "Nzuri sana. Ila neno hili, 'kuminywa'... si kali mno?"

"Ndilo walilolisema," Dodoso akajibu.

"Sawa, lakini msomaji wa nje atatuelewaje? Na kisa hiki cha upasuaji ni cha mtoto mmoja. Mtoto mmoja si takwimu."

Dodoso akamgeukia Profesa, akimngojea aseme alilolifundisha darasani miaka nenda miaka rudi: kwamba haki haihesabiwi kwa vichwa. Profesa akanywa maji, akakohoa. "Tutatazama namna ya kulainisha," alisema.

Wakalainisha! Ripoti iliporudi, sura ya nne nzima ilikuwa imenyofolewa, na mahali pake pana sentensi moja: *Baadhi ya shule zina utaratibu wa kufuatilia afya ya wanafunzi wa kike.* Dodoso aliisoma mara mbili. Msichana kalazwa juu ya benchi stooni, kasingiziwa, kachapwa, kakatwa kiungo, na wasomi wazima wamekaa wakaita hayo kufuatilia afya! Aliinuka akaenda moja kwa moja kwa Profesa, hata hodi hakupiga.

"Keti kwanza," Profesa akasema.

"Nitasimama."

"Mwanangu, nisikilize. Ripoti hii ikitoka, hata ikiwa laini, tunabaki mezani. Mwakani watatuita tena, na hapo ndipo tutasema zaidi. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname."

"Kuinama tumeinama sisi, Profesa. Wanaolazwa chali ni wao."

Mzee yule aliinuka akafunga mlango. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi nikukumbushe. Sauti ulizonasa ni mali ya chuo. Wale wasichana uliwaahidi siri. Ukitoa chochote nje, utakuwa umevunja maadili ya utafiti, na bodi itakushughulikia. Nisingependa ifike huko."

Maadili! Njia nzima ya kurudi kwake Dodoso alikuwa akilitafuna neno hilo kama mchanga kwenye wali. Maadili yalikuwa wapi mlango wa stoo ulipofungwa? Siri aliyoahidi ilikuwa ya kumlinda msichana, na sasa imegeuzwa pazia la kumficha aliyemminya. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Profesa hakukosea. Aliahidi. Ahadi ile haikuwa yake peke yake kuivunja.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma kufanya. Alikwenda kwa fundi cherehani akamweleza ukweli wote.

Mama yule alimsikiliza mguu ukiwa bado juu ya pedali. Alipomaliza, mama akasimama. "Kumbe mlikuja kutuchota," alisema. "Mkajaza ndoo zenu, mkaenda. Mwanangu alilia mbele yako hadi akakosa pumzi, ukamwambia maneno yake yatasaidia wenzake. Yako wapi?"

"Yamefungiwa, mama. Nimeshindwa kuyatoa. Nimekuja uyasikie haya kwangu, usije ukayasikia kwa mwingine."

"Na unataka nikupe asante?"

"Hapana."

Kasuku alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, wala hawakujua amesimama hapo tangu lini. "Dada," aliita. "Kilichofungiwa ni ile sauti ya kwenye mashine?"

"Ndiyo."

"Na hii ya mdomoni, nayo ni ya chuo?"

"Hapana. Hiyo ni yako."

"Basi nionyeshe pa kuipeleka." Dodoso akamtajia mahakama, na wakili anayemfahamu.

Mama yake hakukubali siku hiyo, wala ya pili yake. Walimwengu wana midomo, alisema. Mtoto ameshaaibishwa mara moja, aaibishwe tena? Kasuku ndiye aliyemshinda. "Aibu si yangu, mama. Mimi niliminywa tu." Hapo mama akavua mtandio wa kazi, akauliza huyo wakili anapatikana wapi.

Wakili alikuwa rafiki wa Dodoso waliyesoma pamoja, mwanamke wa kicheko kikubwa waliyempa jina la Rufani kwa kuwa hata akishindwa karata hudai mchezo urudiwe. Safari hii hakucheka. Alifungua kesi mahakamani dhidi ya shule. Dodoso alikiomba chuo kiondoe jina lake kwenye ripoti, kisha akakubali kuwa shahidi. Si wa yale aliyonasa, bali wa sheria tu, ili aseme kwamba hakuna inayoruhusu mtoto kuminywa tumbo stooni.

Siku ya ushahidi, matroni alikuja amevaa gauni lake safi la kazi. "Nimefanya kazi hii tangu ujana," alimwambia jaji. "Mikono yangu haikosei."

"Na kwa msichana huyu?" jaji akauliza.

Matroni alimtazama Kasuku, kisha akavitazama viganja vyake. "Nilihisi kitu," alisema. "Kitu kilikuwepo."

"Kilikuwepo," Rufani akanyanyuka. "Ulipokihisi, kwa nini hukumpeleka hospitali?"

"Niliagizwa nitafute mimba. Sikuagizwa nitafute ugonjwa."

Ukumbi ukaguna. Wakili wa shule akaona afadhali amgeukie msichana. Alimuuliza kwa upole wa kujifanya: je, siku ile alikataa kukaguliwa? Alipiga kelele? Alitoka mbio?

"Sikukataa," Kasuku akasema.

"Kwa hiyo ulikubali."

"Mlango ulikuwa umefungwa, na niliambiwa anayekataa ndiye mwenye mimba. Wewe, mzee, ungejibu nini?"

Wakili wa shule akaketi. Kasuku akaendelea kusema, kwa mpango wake mwenyewe, bila kuvutwa, na jaji akamwacha aseme hadi alipomaliza.

Hukumu ilisomwa asubuhi. Shule ilivunja sheria. Ukaguzi ule, ambao hakuna sheria inayouruhusu katika shule yoyote, ukome mara moja. Msichana arudishiwe nafasi yake. Kuhusu ofisi ya elimu, jaji alisema haikushtakiwa, hivyo hana la kusema. Nje ya mahakama watu walimzunguka Rufani wakimpongeza. Fundi cherehani alisimama kando, hana hata tabasamu.

"Wamesema arudi," alimwambia Dodoso. "Arudi akale kwenye bwalo lilelile, akipita mbele ya stoo ileile? Na kile kilichokatwa tumboni mwake, jaji gani atakirudisha?"

Kasuku hakurudi. Mama alimtafutia shule nyingine, ya kutwa, akamshonea sare mwenyewe kwa hasira hadi sindano zikawa zinakatika. Ripoti nayo ikazinduliwa, jalada linang'aa, Profesa akapigwa picha akipeana mkono na mkurugenzi. Mkataba wa Dodoso ulipoisha, chuo kilimwambia nafasi zimepungua. Profesa alikutana naye kwenye ngazi akataka kusema kitu. Dodoso akampa shikamoo, maana mkubwa ni mkubwa, akaendelea kushuka.

Muhula ulipofunguliwa, yeye na Rufani walikwenda shule nyingine ya bweni, ambako mzazi mmoja aliwaambia mstari wa stoo bado unapangwa. Mkuu wa shule aliipokea nakala ya hukumu, akaisoma ukurasa wa kwanza, akairudisha juu ya meza.

"Hii ni ya shule ile," alisema. "Hapa hatukutajwa."

Rufani alicheka kile kicheko chake chote, hadi karani akachungulia. Dodoso alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya meza, akaketi.

"Bado hujafika ukurasa wa pili," alisema. "Soma. Sisi tupo."