Mlango wa Treni ya Virar

Treni ya Virar ina sheria zake, na hazikuandikwa popote. Wa Virar anakwenda mbali, kwa hiyo wa Virar ndiye mwenye mlango. Mtu wa Borivali, kituo cha njiani kabla ya Virar, ana treni zake. Akijitia kimbelembele kupanda hii, atazibiwa njia mpaka kituo chake kipite, ashike adabu. Behewa la wanawake ndilo kali zaidi, na Sulochana Gharat, mkazi wa Virar na fundi cherehani kule Dadar, alikuwa mkali wa wakali. Kuna siku mama mmoja alimlilia ampishe ashuke Borivali, eti mtoto mgonjwa. Sulochana akamjibu, "Dada, treni hii kila mtu ana mgonjwa." Behewa zima likacheka, na msemo ukashika, ukasambaa njia nzima ya reli.

Jioni moja kaka yake, Hemant, akampigia simu kazini. Mama yao amelazwa hospitali iliyo jirani na stesheni ya Borivali. "Madaktari wamekata tamaa. Anakutaja wewe tu. Fanya haraka, Sulu."

Stesheni ya Dadar ilikuwa imefurika, hutembei mwenyewe, unatembezwa. Kipaza sauti kikatangaza kwamba treni ya Borivali imefutwa. Ikaingia ya Virar. Angefanyaje? Akajitosa, umati ukambeba ukamtupa katikati ya behewa, mbali na mlango. Hakuona hata sura moja anayoijua, maana wenzake wa kila siku hupanda ya baadaye. Hilo halikumtisha. Mimi ni wa Virar bwana, alijiambia, watanipisha.

Walipopita kituo cha Andheri akaanza kupenya. "Nipisheni, nashuka Borivali."

Mlangoni alisimama mama mnene mwenye maua ya asmini kichwani, ameshika nguzo. Hakugeuka. "Treni ya kwenu umeikimbia nini?"

"Imefutwa, mama. Na mimi ni wa Virar kama ninyi."

"Wa Virar anashuka Borivali kufanya nini, kununua embe?"

Wakacheka.

"Mama yangu anakufa."

"Dada," alisema msichana mmoja nyuma yake, kwa upole kabisa, "treni hii kila mtu ana mgonjwa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Sulochana aliyajua vizuri maneno yale, na alijua kwamba hayana jibu, maana ndivyo alivyoyatunga. Akalia, akasukuma kwa viwiko, akawaomba kwa uchungu wa mama waliowazaa. Kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kubana, kwani wa Borivali wote hulia. Treni ikasimama. Akaziona taa za stesheni, akamwona muuza chai akimimina chai yake kwa raha zake. Waliokuwa wakipanda wakamsukuma kurudi alikotoka, na treni ikaondoka.

Simu ikalia. Alikuwa Hemant. "Umefika wapi? Macho yake yote yako mlangoni. Nampa simu, sema naye."

Akaisikia pumzi ya mama yake, nzito, ya kukwaruza. Angemwambia nini, kwamba kituo kimepita na yeye anazidi kupelekwa mbali?

"Nimefika, Aai," alimwambia mama yake. "Niko hapa na wewe."

Mama wa asmini akageuka kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni.

Sauti ikaja, dhaifu. "Mbona sikuoni, Sulu?"

Sulochana akaibana simu sikioni, akajisukuma tena kuelekea mlangoni.

"Mpisheni," mama wa asmini akasema. "Jamani, mpisheni mtu apite."

Wakabanana, wakakanyagana miguu, njia ikafunguka moja kwa moja hadi mlangoni. Sulochana akapita, simu bado sikioni, akaishika nguzo. Treni ilikuwa inakimbia, na kituo cha mbele hakijaonekana. Pumzi ya kukwaruza hakuisikia tena kwenye simu. Alimsikia Hemant tu, analia.