Marehemu Yuko Tayari?

...marehemu, eti marehemu, ndivyo wanavyomwita tangu asubuhi, marehemu amekunywa chai, marehemu anauliza choo kiko wapi, na wanacheka, watu wa taa wanacheka, watu wa nyaya wanacheka, na yule msichana msaidizi wa mwongozaji, mwenye simu ya upepo kiunoni kama askari, alipompita mlangoni akamwambia "shikamoo marehemu", na mzee wa watu akaitikia marahaba, akaitikia kwa heshima zote kana kwamba hakutukanwa, wakati mpambaji amesimama pembeni na sifongo mkononi, damu inamchemka mpaka masikio yanamwasha, akajiambia nikifungua mdomo sasa hivi filamu hii hairekodiwi leo wala kesho, kwa hiyo akaufunga, akamlaza mzee kwenye kiti cha kuegemea mbele ya kioo, akachovya sifongo kwenye rangi ya kijivu na kuanza na masikio, maana uso wa maiti huanzia masikioni, wengine wanakimbilia midomo, wanaipaka buluu kama ya mtoto aliyemaliza peremende, halafu sikio linabaki lina damu, zima, linasikia kila kitu... "Nakugeuza kidogo, baba," akamwambia, na mzee akageuza shingo, polepole, vilevile, Mungu wangu, vilevile kama zamani, hata shingo tu akiigeuza unajua kuna jambo linakuja, na hao huko nje wanachoona ni babu aliyeletwa kulala chini ya shuka, hawajui, au wanajua na wamejitia kusahau, sijui lipi baya zaidi, kwamba huyu ndiye Taratibu, jina ambalo hakupewa na wazazi wake, alipewa na watu, watu waliobanana kwenye ukumbi wa sinema wenye viti vya mbao na feni iliyoning'inia bila kuzunguka, akitokea tu kwenye kitambaa ukumbi kimya, muuza karanga kimya, kwa sababu watu wabaya wengine wa filamu walifoka, walipindua meza, walicheka mpaka ukawaona koromeo, yeye hakufoka hata siku moja, yeye alimenya chungwa, alikaa mbele ya mtu aliyemdhulumu akamenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika, akasema "taratibu, ndugu yangu, taratibu, nyumba yenyewe si yako tena", akampa kipande, na yule mtu akala, akala huku analia, na mama yake mpambaji, mwanamke asiyetoa neno chafu hata akiungua kidole, akapanda juu ya kiti akapiga kelele "usile! usile chungwa la shetani huyo!", na hakuna aliyecheka, ukumbi mzima uliitikia, usile, usile...

na wiki ileile mama na binti wakamwona sokoni walikouza nyanya, Taratibu mwenyewe, kikapu mkononi, kandambili miguuni, anataka nyanya, na mama akazifunika nyanya zake kwa gunia, akamwambia kanunue kwa hao uliowadhulumu, na yule bwana hakukasirika, aliinama kidogo akasema "asante sana, mama", akaenda zake anatabasamu, na mama akabaki anatetemeka, "umemwona? umemwona jeuri yake?", ikapita miaka mingi kabla binti hajaelewa ile asante ilikuwa ya nini, kwamba mwigizaji anaweza kupewa maua na vikombe vya kung'aa na asipate hata robo ya kile alichopewa siku ile na muuza nyanya mwenye hasira... na mtu kama huyo leo unamwambia lala, usikohoe, "Macho, baba, funga kidogo," na kope zikashuka, na si yeye peke yake, yuko wapi Gunia, yule mchekeshaji aliyeanguka kutoka kwenye kiti kama hana mfupa hata mmoja, watu walivunjika mbavu mpaka wakaomba arudishwe nyuma aanguke tena, Gunia sasa anafungua geti la ghala, magari yanampigia honi, fungua wewe, na hakuna dereva hata mmoja anayeshusha kioo akasema kaka, wewe si ndiye ulituchekesha wakati nyumbani hakukuwa na cha kuchekesha, na yuko wapi Jicho Moja, mwanamke aliyelia kwa jicho moja, lile lililoelekea kamera, lingine kavu kabisa limemkodolea mumewe, nani mwingine duniani aliweza hilo, anauza vifungo na zipu, mpambaji mwenyewe alinunua zipu kwake, akashikwa na kigugumizi yeye asiyejua kigugumizi, akasema tu nipe nyeusi...

kwa sababu siku hizi kwanza unaulizwa una wafuasi wangapi kwenye simu, hawakuulizi unaweza nini, wafuasi, kama nabii, na ndivyo alivyopatikana huyu bwana mdogo wa chumba cha pili, mpambaji alimbatiza Dawa ya Meno siku ya kwanza, maana alijulikana kwa kutabasamu kwenye tangazo la dawa ya meno na tangu hapo hajaacha, mwambie baba yako amekufa atatabasamu, ndiye anayeigiza mtoto wa marehemu, ndiye mwenye maneno yote, kurasa nzima za maneno mbele ya maiti, na kupitia ukuta huu wa mbao anasikika anafanya mazoezi, "Baba... baba amka... baba, nimerudi," sauti ya mtu anayegonga afunguliwe bafu, na jana walijaribu mara ngapi na bado akakosa chozi, mwongozaji akasema tupumzike, hisia zitakuja, zitakuja kwa basi lipi, na mlango ukafunguliwa bila kubishwa, ni yule msichana wa simu ya upepo tena,

"Dada, marehemu yuko tayari?"

"Ana jina."

"Haya, mzee yuko tayari? Sikiliza dada, mwongozaji anasema usijichoshe na sura. Imeamuliwa shuka limfunike mpaka kichwani."

"Imeamuliwa na nani? Si tulisema mtoto analifunua, anamwona, halafu ndiyo anaanza kusema?"

"Imebadilika. Sura ya mzee inamtoa mhusika mkuu kwenye hisia. Jana akiiangalia anashindwa kulia."

"Anashindwa kulia kwa sababu hajui kulia!"

"Jamani dada, mimi natumwa tu, usinimalizie mimi." Kisha akamwinamia mzee, akapaza sauti kama anaongea na kiziwi: "Pole mzee, eh? Kazi imekuwa rahisi. Wewe lala tu, usikohoe."

"Nimekuelewa, binti yangu," akasema Taratibu, macho yamefungwa, na mlango ukafungwa, na mpambaji akaweka sifongo akashika brashi, kwa hiyo hata uso, hata uso wamemnyima, mtu aliyesimamisha ukumbi kwa kumenya chungwa ameletwa hapa awe kilima chini ya shuka, si wangeweka mito, si wangekunja magodoro, basi safari hii hapana, safari hii nasema, na akaanza kuipanga hotuba yake, mkono unaendelea na brashi na kichwa kinapanga, nitamfuata mwongozaji palepale kwenye kiti chake cha turubai, sitamsalimia, nitamwambia unamjua huyu, unamjua alikuwa nani, ulikuwa bado unanyonya wakati huyu anajaza kumbi, huyu alikuwa na sauti iliyofanya watu wazima wakaangalia mlango, huyu alipendwa kwa kuchukiwa, na wewe na wenzako mkamwacha akazeeka hivihivi, hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyesema njoo utufundishe hata kukaa kimya, na leo mnamkumbuka kwa kuwa mnahitaji mzee wa kulala, aibu, hamna haya wala soni, na nitasema kwa sauti, watu wa nyaya wasikie, na wakinifukuza wanifukuze, si mara ya kwanza mdomo wangu kunitoa kazini, nitarudi kupamba maharusi, maharusi angalau wanajulikana wanadanganya nini...

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Umeniwekea unyusi wa zamani."

Akaangalia. Kweli tupu. Brashi ilikuwa na rangi nyeusi wala si kijivu, na juu ya jicho la kulia la maiti, kwenye uso ambao masikio yake yalishakufa na mashavu yake yalishaanza kufa, ulikuwa umesimama ule unyusi, umepinda juu kwa nje kama mkia wa paka mwenye kiburi, unyusi wa Taratibu, mkono wake umeuchora wenyewe, haukumuuliza, miaka yote ya kupaka watu sura za maiti haijawahi kumtokea, na mzee hakuwa amefungua jicho, hakuwa ameangalia kioo, "umejuaje?", akamuuliza, na yeye akasema, "Nimepakwa huo unyusi kwa miaka, mwanangu, brashi ikigusa hapo mimi najua ni nani ameitwa. Lakini huyu siye. Maiti hana jeuri. Ufute," na akasema ufute bila uchungu, kama fundi anayemwambia fundi mwenzake msumari umekwenda upande, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi, afute, afute kwa mkono wake mwenyewe, lakini akachukua pamba akamwagia mafuta akafuta, unyusi ukaondoka, ukabaki mstari wa mvi chache za mzee yeyote, na mzee akauliza, "Huyu marehemu alikufaje?"

"Haikuandikwa, baba. Imeandikwa tu amekufa."

"Mh. Basi alikuwa anamsubiri mtu. Alisikia mlango, akadhani ndiye. Siyo?"

"Sijui, baba."

"Nadhani hivyo," akasema, na mpambaji akarudi kwenye rangi yake ya kijivu na kwenye hotuba yake, wapi nilipofika, aibu, hamna haya wala soni, na vidole vyake viko kwenye paji la uso la mzee wakati paji lile lilipolegea, hakuliona, alilihisi kwa ncha za vidole, ngozi iliyokuwa imeshikwa na kitu ikaachiwa, kama mtu aliyefungua ngumi usingizini, kisha taya, kisha pembe moja ya mdomo, ile ya upande wa mlango, ikabaki imeinuka kidogo sana, kidogo kama nywele, ya mtu aliyesikia hatua akafurahi na kisha hakuwahi... mama, ni mama, kitanda cha pembeni hospitalini, mama alilegea hivihivi, paji kwanza, taya baadaye, na pembe ya mdomo ikabaki inataka kusema kitu, na binti alikuwa amekwenda kuchota maji, akarudi na kikombe, akakaa na kikombe kile mpaka muuguzi alipomnyang'anya, na hajawahi kumsimulia mtu hilo, amejuaje huyu, nani amemwambia huyu, "baba," akaita, kimya, "baba!", akaweka kiganja chini ya pua yake, hakuna, hakuna joto, hakuna upepo, kifua hakipandi, sifongo likamponyoka, akamshika mabega hayo membamba, yameyeyuka, hayana mtu, na tayari alikuwa amefungua mdomo kuita watu, watu wa taa, watu wa nyaya, yeyote...

"Pumzi ninayo," ikasema sauti, midomo haikuonekana kucheza. "Nimeishusha tumboni. Kule kamera haiioni."

"Baba! Umeniua!"

"Afadhali. Nilidhani nimesahau," na akarudi tena kulekule, palepale, akalegea, akamwachia uso ule mikononi kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo, na mpambaji akaketi juu ya sanduku lake la rangi, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka kijivu mashavuni bila kujua, na alipoitafuta hotuba yake hakuiona pale alipoiacha, alikuwa nani, alijaza kumbi, alipendwa, maneno yale yote, ukiyaangalia vizuri ni maneno ya msibani, yanasemwa na jamaa aliyesimama kando ya kaburi na karatasi, na yeye ndiye alikuwa anakwenda kuyasema, kwa sauti, kwa uchungu, watu wa nyaya wasikie, kumzika mtu ambaye hivi sasa amemketisha juu ya sanduku bila hata kufumbua jicho, kumbe wale huko nje wanamwita marehemu kwa utani na yeye alikuwa anamwita marehemu kwa mapenzi, na hasira ikarudi, au haikuwa imeondoka, ila imebadili mguu, haitaki tena kuomba akumbukwe, akumbukwe wa nini, yuko hapa, anafanya kazi, hakuna cha kusimulia hapo, mtu anaambiwa tu inuka kwenye kiti chako cha turubai uje uone, maneno mawili, njoo uone, na wakisema uso huu unamtoa mhusika mkuu kwenye hisia, naam, utamtoa, utamtoa hata alikojificha, wala hatahitaji kutafuta chozi, litamtafuta lenyewe... na nje mtu akapiga makofi kuita watu kwenye nafasi zao, mlango bado umefungwa, hakuna aliyebadili chochote, shuka bado limeamuliwa, na mzee akafumbua macho, akaiangalia miguu yake iliyokuwa mitupu mwisho wa kiti, vidole virefu, kucha zimekatwa vizuri, mtu aliyejiandaa nyumbani kwake kuja kazini, akasema,

"Mwanangu, wakinifunika uso, miguu si itabaki nje?"

"Itabaki. Kwa nini?"

"Nipake na miguu. Nitaigizia hapohapo."

Hakuwa anatania. Mpambaji akaitazama ile miguu, akajua kwamba ingeweza, hilo ndilo la kutisha, ingeweza kabisa, akaokota sifongo sakafuni, akalisuuza, akalikamua, akalirudisha ndani ya sanduku na kulifunika.

"Miguu sipaki," akasema, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango na yale maneno mawili mdomoni. "Vaa soksi zako, baba, ile meza ya bati wanayokulaza ina baridi."