Bei ya Msaji

Mnunuzi wa miti, ambaye watu walimwita Msumeno, hakukubali hata kuketi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, akanyoosha shingo kulitazama shamba nyuma ya nyumba, kisha akataja bei moja kwa shamba zima. Miti ni miti, alisema. Ikishaangushwa, yote ni kuni na nguzo. Shemeji wa fundi cherehani mwenye nyumba, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyemleta, aliitikia kwa kichwa kabla bei haijamalizika kutajwa.

Fundi aliendelea kushona. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amejifunza kutokubali kuharakishwa. Shamba lile marehemu alilipanda kwa mikono yake, miaka ishirini na miwili iliyopita: mikaratusi mpakani, misonobari kwenye mteremko, na kule bondeni misaji, au mitiki kama wengine waiitavyo, iliyomfanya achekwe na watu kwa sababu ilikua kwa mwendo wa konokono. Fundi akamwambia Msumeno arudi baada ya wiki mbili. Shemeji alinuna, akalalamika kwamba shemeji yake anaipiga teke bahati.

Kesho yake alifunga duka, akaenda ofisi ya misitu. Afisa, dada mmoja mwenye miwani minene, alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bei za miti ikiwa bado imesimama, kanda kwa kanda, kila aina na mstari wake. Fundi aliifuata kanda yao kwa kidole. Msonobari ulikuwa mara mbili ya mkaratusi. Kwenye msaji kidole kikaganda. Mara tisa ya mkaratusi. Akadhani macho yanamdanganya, akauliza. Afisa akamwambia kasoma sawasawa, akampa nakala na jedwali la kukadiria ujazo, kisha akamweleza kwamba mzingo wa shina hupimwa usawa wa kifua.

"Utaweza mwenyewe?" aliuliza afisa.

"Dada, mimi kazi yangu ni kupima vifua," alijibu fundi, na wote wawili wakaangua kicheko.

Siku kumi mfululizo, kabla ya kufungua duka, aliingia shambani na futikamba shingoni. Alizungushia kila shina mikono kama anayemkumbatia mtu, akasoma kipimo, akaandika, akapiga alama kwenye gome kwa chaki ya kukatia nguo. Umande ulimlowesha hadi magotini, na siafu hawakumwonea huruma. Alipofika bondeni alihesabu misaji arobaini na mmoja, imenyooka kama imepigwa rula. Alisimama pale akamkumbuka aliyeipanda huku akichekwa.

Msumeno aliporudi, fundi alimtandikia ile nakala mezani, juu ya vitambaa. Msumeno akasema bei za ofisini ni za makaratasi tu, sokoni mambo ni mengine. Fundi akamweleza kwa upole kwamba amekwishaongea na wanunuzi wengine wawili, na mmoja anakuja Ijumaa.

Hapo ndipo Msumeno alipovuta kiti. Akaongeza bei, akaongeza tena, na kila alipoongeza alikuwa anazungumzia misaji peke yake.

"Kaka, mikaratusi na misonobari chukua, kwa bei ya kanda yetu kama ilivyoandikwa," alisema fundi. "Misaji siuzi. Afisa kaniambia nikiiacha miaka minane itapanda daraja, na bei nayo. Nitaiacha."

Msumeno aliikodolea macho karatasi, akaisoma tena mstari kwa mstari. Akatia sahihi hati ya mauzo.

Wiki hiyo mikaratusi ilianguka mmoja baada ya mwingine, na kila kishindo kilipotikisa madirisha, fundi alikanyaga cherehani kwa kasi zaidi, akiimba.

Jioni ya siku ya mwisho shemeji alikuja, akazungukazunguka mlangoni kwa muda, akapapasa vitambaa visivyomhusu. Hatimaye akakohoa, akakiri kwamba na yeye alikuwa amekaribia kuliuza shamba lake la miti kwa Msumeno, lote kwa mkupuo. Je, shemeji yake angeweza kumpimia?

Fundi alimwambia aje Jumamosi asubuhi, na avae viatu vya shamba.