Nafasi ya Nane Kwenye Duara

Hivi wewe umewahi kusikia fimbo kumi na nne zikigongana kwa mpigo mmoja, miguu yako ikakataa kutulia?

Kissa, mfanyabiashara wa magauni, yalimkuta hayo Shahe, soko la nguo la Guangzhou, mwezi wa Januari, soko likiwa limechemka kwa sababu Wachina walikuwa karibu kufunga maduka kwa mwaka wao mpya. Mzigo wake wa magauni ulikuwa umeshapelekwa bandarini Nansha, kwa hiyo alikuwa anashuka ngazi za ghala bila haraka, yeye na Jeanne, Mkongo wa Lubumbashi aliyepanga naye chumba. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Ta, ta-ta, ta.

Ndani, wanawake saba wa Kitamil walikuwa wamesukuma marobota ukutani wakapata uwanja. Sari wamezichomeka kiunoni zisiburute. Kila mmoja ana fimbo mbili, nyekundu kwa njano, ndefu kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wanagonga za kwao chini, wanageuka, wanagonga za jirani juu ya kichwa, wanapishana bila kugusana mabega. Mmoja tu hakuwa na mwenza. Zamu yake ikifika anagonga hewa.

Miguu ya Kissa ikaanza kufuata mpigo. Tangu aolewe hakuwa amecheza popote ila kanisani.

Mkubwa wao, Malar, mnunuzi wa zipu, akasimama kupumua. Akawaeleza kwa Kiingereza cha sokoni kwamba hiyo ni kolattam, ngoma ya sikukuu za vijijini kwao. Alhamisi ni Pongal, sikukuu ya mavuno, na mwenzao wa nane kauguliwa na baba, amerudi nyumbani. Akaitazama miguu ya Kissa.

"Dada, miguu yako inajua. Utacheza nasi?"

Kissa akamjibu kwa Kichina, kama anavyomjibu kila mwenye duka. "Bu yao." Sitaki. Akageuza mgongo, akashuka taratibu. Miaka tisa ya Guangzhou ilimfundisha hivyo: kitu ukikitamani usikitazame mara mbili, we ondoka, hufiki mbali bosi wa duka anakuita mwenyewe, bei kaishusha. Akafika ngazi ya kumi. Akafika ya ishirini, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Juu, fimbo zikaanza tena.

"Unangojea nani?" Jeanne akamuuliza.

"Nafunga kiatu."

Jumatatu akapita pale kuulizia choo. Jumanne akaulizia zipu asizozihitaji. Malar akampa chai ya iliki, akamuuliza habari za watoto, la ngoma hakuligusa. Mtu amesema hataki. Kwa Malar hilo lilikuwa limekwisha. Usiku Kissa akawa anajifunza na vijiti vya kulia tambi, chini, ubavuni, juu, mpaka Jeanne akajifunika mto masikioni.

Jumatano yeye na Jeanne walimkuta Malar ameketi kwenye robota, anavua njuga za miguuni.

"Kesho tunacheza sita," akawaambia wageni wake. "Duara halitaki mtu asiye na mwenza. Mimi nitakaa niwapigie makofi."

Jeanne akamchoma Kissa na kiwiko.

"Weye, uko unafikiri uko ku soko? Ule mama haiko anauzisha kitu. Sema."

"Akiniuliza tena..."

"Hatakuuliza. Ulikatala. Na mi sitalala tena na vijiti vyako."

Njuga ya kwanza ilikuwa imeshawekwa sakafuni, na Malar alikuwa anafungua kamba ya pili. Wale wengine sita walikuwa wanajipanga wawili wawili. Kissa akavuka uwanja, akachuchumaa mbele yake na kuushika ule mkono uliokuwa kwenye kamba.

"Malar, dada yangu, usivue," akasema. "Nataka kucheza. Nilitaka tangu siku ile ya kwanza."